Waliosema bata hana gharama waje wabebe dumu

Mwanza imejaa wataalamu wa bata. Muulize dereva wa bodaboda, muulize kinyozi, muulize muuza matikiti: wote watakwambia bata hana gharama, anajilisha mwenyewe, hata banda halihitaji. Nimewachunguza kimyakimya, na hakuna hata mmoja wao mwenye bata. Wenye bata hawana muda wa kumshauri mtu. Wako njiani na dumu la maji.

Mimi bata sikununua. Nililetewa na shemeji kutoka Sengerema, na kwa hilo lawama zangu zote nazielekeza kwenye maendeleo. Zamani kati yangu na shemeji kulikuwa na kivuko cha Kigongo na Busisi, na foleni ya kivuko ilikuwa ulinzi tosha. Mtu akifikiria kukaa juani na tenga la bata wanaojinyea, anaona heri akupigie simu ya salamu. Juni 2025 likafunguliwa Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 na ushee juu ya ziwa, dakika chache tu umeshavuka. Nchi nzima ilishangilia. Nami nilishangilia, mpaka shemeji alipoteremka kwenye Noah na tenga lake. "Shemeji, nimekuletea kitoweo," akasema.

Kitoweo! Kabla hajamaliza chai, wanangu mapacha, Kulwa na Doto, walikuwa wameshawapa majina wote, dume moja na majike manne. Mfugo ukishapewa jina na mtoto, sahau supu. Dume ni Mheshimiwa, kwa sababu anatembea taratibu, kifua mbele, na ukimuuliza kitu hajibu. Ni wa aina ile yenye nyama nyekundu usoni, ambayo huku tunaiita bata wa kienyeji ingawa asili yake ni Amerika ya Kati na Kusini. Hata kelele za bata hana. Anakupumulia tu kwa hasira, kama tairi la bodaboda lililopita juu ya msumari.

Tuanze na hilo banda ambalo eti bata halihitaji. Sisi tunakaa Igogo mlimani. Watalii huenda hadi Kamanga kupiga picha Jiwe la Bismarck; wangepanda kwangu wangepiga za bure, maana uani hakuna kitu kingine ila mawe. Fundi alikuja kuchimba mashimo ya nguzo, sururu ikagonga mwamba, akahama upande wa pili ikagonga mwamba mwingine, akakaa chini akaomba maji ya kunywa. Mwisho tuliliegemeza banda kwenye majabali mawili, tukaziba kwa mabanzi, juu bati chakavu, mbele waya.

Na waya wenyewe si ule wa matundu makubwa. Miamba hii ina wenyeji wake. Pimbi hawana neno, wanaota jua tu. Mijusi wa vichwa vyekundu nao wanapiga pushapu zao na kuondoka. Tatizo ni kicheche, anayekuja usiku, na kenge, anayepanda kutoka ziwani mchana kweupe kuulizia mayai. Kwa hiyo kila jioni mlango ufungwe, na anayefunga si wale waliotoa majina.

Mnaosema bata harukiruki, njooni tena. Majike wa aina hii ni wepesi, wanapaa vizuri tu. Mmoja alikutwa juu ya bati la jirani Jumamosi asubuhi, wakati wanajumuiya wako chini wanasali, akawa anatembea huku na huku kwa kucha zake mpaka mama mwenye nyumba akadhani ni mwizi. Tukapunguza manyoya ya ubawa mmoja. Mheshimiwa hatukumpunguza, kwa uzito ule haendi popote.

Chini ya banda panatakiwa pakavu, na bata ndiye adui namba moja wa ukavu. Kuku akinya, unafagia. Bata akinya, unamwaga maranda, kesho unamwaga mengine. Maranda zamani ulikuwa unajizolea tu kwa mafundi seremala, wakikushukuru kwa kuwasafishia. Siku hizi wafugaji wa kuku wa nyama wameshafika kabla yako, na fundi anakupimia kwa kiroba, uso mkavu, kama anakuuzia mninga wenyewe.

Sasa chakula. "Bata anakula chochote," wanasema, na wanakuletea pumba iliyoloa na kuota ukungu, wakingoja uwashukuru. Ukungu huo ndio unaozaa sumukuvu, na katika ndege wa kufugwa bata ni miongoni mwa wanaodhurika haraka zaidi, hasa vifaranga. Mwaka 1960 huko Uingereza walikufa bata mzinga zaidi ya 100,000 kwa kulishwa mashudu ya karanga yenye ukungu, na ndivyo sumu hiyo ilivyogunduliwa. Kisha wanasayansi wakawa wanapimia kwa vifaranga vya bata, kwa jinsi walivyo wepesi kuumwa. Nilimweleza hayo yote jirani aliyeniletea pumba. Akanijibu, "Baba Kulwa, kwani hao ni bata wa Uingereza?"

Mashudu nayo yana masharti. Usukumani mashudu ya pamba yapo, lakini ng'ombe ndiye anayeyaweza. Ndege ukimzidishia unamdhuru. Inabidi ununue ya alizeti, ambayo yamesafiri hadi hapa na yanakudai nauli yake.

Halafu dagaa. Mtu wa Dodoma atadhani mkazi wa Mwanza anaokota dagaa mlangoni. Nenda Mwaloni pale Kirumba ukajionee: dagaa wanapakiwa kwenda Kongo na Burundi, na wewe na kimfuko chako unaambiwa usimame pembeni, unazuia wabeba mizigo. Isitoshe dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka, taa haimdanganyi dagaa, mitumbwi inakaa nchi kavu na bei inapanda. Zamani mwezi mpevu nilikuwa nauangalia na mama watoto, tukiwa tumekaa juu ya jabali letu. Sasa ukichomoza nyuma ya kilima mimi napiga hesabu ya pumba.

Nikakimbilia mapanki ya kusaga, yale mabaki ya sangara baada ya viwanda kuondoa minofu. Mapanki haya yamewahi kuwa na makuu. Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Hubert Sauper iliyozungushia dunia habari za sangara wa Mwanza na mapanki yake, na mwaka 2006 Rais Kikwete akaikemea filamu hiyo hadharani. Viongozi wamebishana, mabara yamebishana. Mimi nikamwekea Mheshimiwa mapanki hayohayo kwenye karai. Akayatazama kwa jicho moja, akageuza shingo akayatazama kwa jicho la pili, akaenda kulala.

Lakini yote hayo ni madogo mbele ya maji. Bata hali bila kunywa. Anachota pumba mdomo mmoja, anakimbilia maji, anarudi, na katikati ameacha uji njia nzima. Maji yenyewe yawe na kina cha kuzamisha pua na macho, maana asiposafisha yanaziba. Bwawa halihitaji, hilo nakubali, ila beseni likikaa saa moja limeshakuwa tope, na yeye ndiye wa kwanza kulikataa. Bomba letu linatoa maji likijisikia, na likijisikia ni usiku wa manane. Siku nyingine ni dumu, tena kupanda.

Kinachouma ni kwamba nikiwa nahema na dumu langu, chini yangu naliona Ziwa Viktoria lote, kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, kilomita za mraba zaidi ya 68,000 za maji. "Si uwapeleke ziwani?" wananiuliza wataalamu. Niwapeleke, kisha? Ufukweni kuna konokono wa kichocho. Bata atawala kwa furaha, ila mchungaji aliyesimama majini hadi magotini ni mimi. Niwahamishie banda kule? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tukae mita 60 kutoka ukingoni. Kenge hajaisoma, bata hajaisoma, ila faini itakuja kwa jina langu.

Basi nimemwambia shemeji kwenye simu kwamba Krismasi akija atakula kuku wa kununua. Akacheka sana, akasema nivumilie, bata haishi muda mrefu. Nikaenda kuuliza kwa wenye kujua: akitunzwa, anaweza kufika miaka 8, hata kuzidi. Kulwa na Doto wako darasa la nne. Kabla Mheshimiwa hajazeeka, wao watakuwa wameshaenda bweni, wakitupigia simu Jumapili kuulizia hali yake. Na nani atakuwa anapanda mlima na dumu? Usinijibu. Jibu ninalo, na tayari linaumwa kiuno.