Jinsi ya Kuzeeka Kiserikali

Watu wengi hudhani uzee huja wenyewe: mvi zinaota, magoti yanalalamika, wajukuu wanaongezeka, basi umekuwa mzee. Huo ni uzee wa nyumbani, na haulipwi. Uzee wa kiserikali, huu wa mpango wa Inua Jamii nchini Kenya, hutafutwa kwa miguu, kwa nauli na kwa nakala za kitambulisho. Tangu 2018 mlango umefunguliwa kwa Wakenya waliotimiza miaka 70 na wasio na pensheni, na nyuma ya mlango huo kuna Sh2,000 za kila mwezi. Babu, nyanya, hatua za kuufikia ndizo hizi. Mwambie mjukuu akusomee, maana miwani haimo kwenye mpango.

Hatua ya kwanza: zaliwa mbele ya karani

Wazee wengi walikosea mapema sana. Walizaliwa nyumbani, mikononi mwa mkunga wa kijiji, na hakuna aliyekumbuka kuita karani. Miaka mingi baadaye, walipokwenda kuandikishwa, waliulizwa walikuwa wakubwa kiasi gani wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, wakatazamwa usoni, wakaandikiwa mwaka. Akina nyanya walichelewa zaidi, kwa kuwa hadi mwishoni mwa miaka ya 1970 vitambulisho vilikuwa vya wanaume. Mama alikuwa amekwisha kulea watoto sita kabla serikali haijajua kwamba amezaliwa.

Ndiyo maana leo unaweza kuwa na miaka 74 ya mwili na 67 ya kadi. Inayolipwa ni ya kadi. Usibishane na afisa. Ataitazama kadi, atakutazama wewe, kisha ataiamini kadi. Ikiwa kwa hesabu ya kadi ulimzaa kifungua mimba wako ukiwa na miaka minane, pokea pongezi, rudi nyumbani na usubiri miaka mitatu.

Hatua ya pili: kuwa maskini kwa kiasi

Kuna milango mingine pia. Ule wa mayatima na watoto walio hatarini ulifunguliwa kwa majaribio 2004, na ule wa watu wenye ulemavu mkubwa ukafuata 2011. Hapo umri peke yake hausaidii. Atakuja kijana mwenye fomu ya kuupima umaskini wako: ukuta ni wa nini, paa ni la nini, mnapikia nini, mifugo ni mingapi.

Jihadhari na mabati. Mwanao wa Nairobi akikuezekea nyumba Desemba, anaweza kukuondoa kwenye umaskini hadi mvua zijazo. Lakini usivuke mpaka wa upande wa pili pia. Maskini kupindukia hana kitambulisho, hana simu, hana nauli ya kufika kunakoandikishwa maskini, kwa hivyo hayumo kwenye daftari na kitakwimu anaendelea vizuri. Maskini anayefaa ana paa linalovuja, simu yenye chaji, na mtu wa kumwachia mbuzi akienda mjini.

Hatua ya tatu: penda mikutano

Majina husomwa barazani kwa chifu ili wanakijiji waseme nani anastahili na nani ametiwa kwa undugu. Ni utaratibu mzuri, kwani majirani wanajuana. Ila ujiandae kusikia shida zako zikijadiliwa hadharani na watu uliowanyima maji mwaka jana. Kaa wima ukiwa mnyonge kiasi. Usivae lile koti zuri la kanisani. Na usigombane kamwe na mzee wa kijiji. Yeye ndiye anayepewa taarifa za tarehe za kuandikishwa, na kumbukumbu yake huwa nzuri zaidi kwa watu wanaomsalimu.

Hatua ya nne: tunza vidole tangu ujana

Ukilipwa kupitia benki, itataka alama za vidole. Hapa ndipo wale waliochuma chai Kericho, waliovunja kokoto na waliolima kwa jembe la mkono nusu karne hugundua kwamba walitumia vidole vyao ovyo. Mistari imefutika. Mashine inawaka taa nyekundu, wakala anasema, "Jaribu kingine, mama," na mama anajaribu vyote kumi.

Kuna dawa za mitishamba ya foleni: osha kwa sabuni, paka mafuta kidogo, sugua kwenye kanga, pumulia kidole, bonyeza kwa nguvu, bonyeza polepole. Dawa ya uhakika ilikuwa kufanya kazi ya ofisini maisha yako yote. Ungefanya hivyo vidole vingesomeka vizuri sana, na pia ungekuwa na pensheni, kwa hivyo usingehitaji kusomwa.

Hatua ya tano: ingoje siku ya malipo bila kuitegemea

Kwa miaka mingi pesa zililipwa kwa miezi miwili pamoja, Sh4,000, pale zilipotoka. Zisipotoka, miezi hulundikana na kuitwa malimbikizo. Duka la pale kona nalo lina malimbikizo yake, ila lenyewe linayaandika kwa jina lako.

Siku ikifika, piga hesabu ya boda boda kwenda na kurudi, chai ya anayekusindikiza, na safari ya pili kwa sababu mitambo imegoma. Kinachobaki ni chako. Kiasi hicho cha Sh2,000 hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Ukigawanya kwa siku 30, unapata Sh66 na senti kadhaa, takriban bei ya mkate mdogo mmoja. Afisa akikushauri uwekeze, msikilize kwa heshima. Mkate ukiwekwa sana huota ukungu.

Hatua ya sita: endelea kuwa hai, kwa ushahidi

Mara kwa mara utatakiwa kuthibitisha kwamba hujafa. Sababu ina maana: wapo marehemu wanaoendelea kupokea pesa kwa bidii kuliko walio hai. Ila mzigo wa kuwatafuta marehemu hao amebebeshwa mzee mwenye pumzi. Ni wewe wa kufika, kuonekana, kuweka kile kidole cha hatua ya nne. Ukiwa kitandani, uwe na msimamizi aliyesajiliwa, na usajili huo ulipaswa kuufanya kabla hujalazwa.

Usiulize kwa nini ofisi ileile ya naibu wa chifu inayotoa kibali cha mazishi haijui ni nani hajazikwa. Hilo ni swali la mtu ambaye bado ana nguvu, na mwenye nguvu anaweza kutiliwa shaka.

Hatua ya saba: nunua nyumba

Uzee bila paa zuri haupendezi, na serikali imelifikiria. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 1.5 kwa ajili ya nyumba za bei nafuu chini ya sheria ya 2024, na mwajiri wake huongeza kiasi hichohicho. Wewe huna mshahara, kwa hivyo hukatwi. Hiyo ndiyo habari njema. Ingia kwenye intaneti, jisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya nyumba hizo, kisha anza kuweka akiba. Tuseme chumba kimoja ni Sh800,000 na malipo ya kwanza ni asilimia 10. Ukiweka ruzuku yako yote bila kula, utafikisha malipo hayo baada ya miezi 40. Kinachofuata ni malipo ya kila mwezi kwa miaka na miaka, kwa hivyo rudia hatua ya sita kwa moyo wote.

Hatua ya mwisho: omba uthibitisho wa upande wa pili

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya hifadhi ya jamii na ya makao yanayofaa, na kinaitaka serikali imsaidie asiyeweza kujikimu. Kifungu cha 57 kinawataja wazee kabisa: waishi kwa heshima, watunzwe na familia zao na serikali. Familia imejitokeza. Ni mjukuu aliyeacha shule siku hiyo ili akushike mkono, ni binti aliyekopa nauli, ni jirani aliyekupeleka kwa baiskeli boda ilipokosekana. Mwenye zamu ya pili ndiye hajaonekana.

Basi siku moja, mkiwa foleni na taa nyekundu zinawaka, mwulizeni afisa kwa adabu kama serikali ingali hai. Akisema iko, ombeni ushahidi. Ije yenyewe, isitume ujumbe wa simu. Ilete kitambulisho halisi na nakala mbili, isindikizwe na mzee wa kijiji anayeifahamu, iweke kidole kwenye mashine. Mashine ikikataa, iambieni irudi Jumatatu.