Maputo ya Julai 11

Kwa mlioko Temeke, Muheza na kwingineko, Julai haiji na sweta. Huku Lubumbashi, Kongo, ndiyo baridi yenyewe. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa mwezi huu joto hushuka chini ya nyuzi 10. Asubuhi watu wanasalimiana huku mvuke ukiwatoka mdomoni. Mvua hatujaiona tangu Mei, na vumbi jekundu limetua juu ya kila kitu, paka akiwemo.

Habari za mwezi huu ni za familia moja ya Kitanzania na kijana wao aliyetimiza miaka miwili Julai 11. Baba Mtoto anafanya kliaringi. Malori yakitoka bandari ya Dar es Salaam, yakapita Tunduma, yakaikatiza Zambia hadi mpaka wa Kasumbalesa, mwendo wa karibu kilomita 2,000, yeye ndiye anayeyapokea akiwa na faili kwapani. Mama Mtoto anauza vitenge. Baba ni Simba, Mama ni Yanga. Msilipuuze hilo la mwisho, maana ndilo lililowatia matatani.

Swali lilikuwa moja tu: bethdei ifanyikie wapi? Kwa Dar mambo haya humalizwa na shangazi mmoja mwenye sauti. Ni Coco Beach, au ni sebuleni kwa pilau na keki, wakubwa wanamwagiana maji, wanapiga picha, kila mtu anakwenda kwake. Lubumbashi hakuna bahari, na shangazi yuko mbali. Ikabidi mume na mke waamue wenyewe, na hapo ndipo wiki tatu zilipopotelea.

Baba Mtoto alianza kwa kupendekeza uwanja wa TP Mazembe, ule wa Kamalondo uliofunguliwa mwaka 2011. Si mechi, alisema, ni kupiga picha tu nje ya geti, mtoto akiwa na jezi. Hoja yake ilikuwa kwamba Mbwana Samatta alitoka Simba akaja kung'arisha jina hapa, akabeba ubingwa wa Afrika mwaka 2015 na kuwa mfungaji bora wa mashindano, kwa hiyo mtoto wa Kitanzania ana haki yake pale. Mama Mtoto alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha kwa upole kwamba Aprili 2019 Simba walikuja Lubumbashi wakafungwa 4-1, na kwamba Aprili 2023 Yanga walikuja wakashinda 1-0. Kama ni suala la haki, picha ipigwe na jezi ya kijani. Wazo la uwanja likafa pale pale, kabla ya chai kupoa.

Likaja la bustani ya wanyama. Lubumbashi inayo, tena mjini kabisa, na Jumapili wazazi humiminika na watoto wao. Kwa mtu anayetoka Dar, ambako wengi hufunga safari ya Mikumi kumwona simba, hii ni neema. Kikwazo kilikuwa getini. Huku anayealika ndiye anayelipa mlango, na hakuna anayejua wageni watakuwa wangapi. Kadi ya mwaliko Lubumbashi inaandikwa jina la mtu mmoja kwa adabu tu. Mtu huyo atakuja na mdogo wake, na mdogo wake na rafiki wa chuo, na rafiki wa chuo na mama yake aliyefika jana kutoka Likasi.

Hoteli ya Karavia, pale kwenye ziwa karibu na viwanja vya gofu, ina bwawa la kuogelea zuri sana. Bwawa, mwezi Julai, kwa mtoto wa miaka miwili anayevaa soksi mbili mbili! Hilo halikujadiliwa.

Rafiki mmoja alishauri waende Kitwe, upande wa Zambia, ambako kuna maduka makubwa yenye sehemu za watoto kuchezea. Watu wa hapa huvuka mara kwa mara kununua vitu, na Kasumbalesa ni kilomita zipatazo 90 tu. Baba Mtoto aliweka kijiko chini. Yeye Kasumbalesa anaijua kama mtu anavyojua jino lake bovu. Foleni ya malori pale huweza kuendelea kilomita kadhaa, madereva wanapika ugali chini ya tela. Akasema siku mwanawe atakapopelekwa mpakani kwa hiari, yeye atakuwa amekwisha kufa.

Ukabaki ukumbi. Lubumbashi ni mji wa harusi, na kumbi za sherehe ziko nyingi zenye mapazia ya kung'aa na viti vilivyovalishwa magauni. Walipata mmoja wenye jenereta, na hilo si jambo dogo katika mji ambao umeme hukatwa kwa zamu, na zamu yenyewe haina ratiba ambayo mtu anaweza kuibandika ukutani. Walikubaliana bei kwa dola, kama inavyofanyika hapa kwa kila kitu kikubwa. Faranga ya Kongo nayo ipo, ila noti yake kubwa kuliko zote ni ya 20,000, na kulipia ukumbi kwa faranga ni kwenda na mfuko wa rambo.

Meneja alipokea noti ya dola mia. Akaipindua. Akaisogeza kwenye taa. Akapitisha ukucha wa kidole gumba pembezoni, taratibu, upande mmoja, kisha wa pili, na kwenye kona ya chini ukucha ukanasa. Kulikuwa na mpasuko ambao chungu angeuruka bila kukunja miguu. Meneja akairudisha noti kwa vidole viwili, kwa heshima zote, kama mtu anayerudisha meno ya bandia ya mgeni. Hapa dola iliyochanika, hata kidogo namna hiyo, haipokelewi dukani, sokoni wala kanisani. Mzee aliyechorwa humo awe mzima kabisa. Walipokwenda kutafuta noti nyingine, ukumbi ukachukuliwa na watu wa harusi, ambao noti zao zilikuwa zimepigwa pasi.

Kwa hiyo ikawa nyumbani, kwenye lupango, kama wanavyoita hapa kiwanja chenye nyumba, ukuta na mwembe katikati. Na kwa maoni ya mwandishi wenu wangeanzia hapo hapo, kwa sababu jirani yao, mama mmoja mzaliwa wa Katuba, alikuwa ameshapanga kila kitu kichwani akisubiri tu waulize. Alikuja na orodha. Turubai la kukodi. Viti vya plastiki. Muziki wenye spika mbili, si moja. Bukari, yaani ugali, na sombe, yaani kisamvu, samaki aina ya thomson, na michopo ya mbuzi ya kuchomwa pale pale. Mama Mtoto akauliza kwa woga kama pilau si ingetosha. Jirani akamwambia pilau ilete, watu wataionja.

Kisha akauliza swali lililomshtua Mama Mtoto zaidi ya bei ya mbuzi: "Batoto batakunywa sukre, na bakubwa je?" Sukre ni soda. Wakubwa wanakunywa bia, hata mwenye bethdei awe bado anavaa nepi, na mwenye nyumba asiyeiweka ataongelewa hadi Krismasi. Basi Baba Mtoto akatuma ujumbe wa sauti Muheza kumpa mama yake taarifa kwamba bustani ya wanyama imeshindikana, sherehe ni nyumbani, na tayari ameleta Simba wanne na Tembo wawili. Bibi akapiga simu usiku ule ule, anahema. Alitaka kujua mjukuu wake analala chumba gani. Ilibidi aelezwe kwamba Simba na Tembo ni bia za hapa, na hao wanne na wawili ni makreti. Hilo nalo halikumfurahisha, lakini angalau alilala.

Sasa maputo.

Baba Mtoto alitaka mekundu na meupe, rangi za Simba. Mama Mtoto alitaka ya kijani na njano, za Yanga. Wakapatana yanunuliwe yote. Pale soko la Mzee muuzaji alikuwa na mekundu, meupe na ya kijani. Ya njano yamekwisha. Wakachukua yaliyokuwepo. Jioni ya mkesha, Baba Mtoto akayabandika mekundu juu ya ukuta na meupe chini, na Mama Mtoto, ili Yanga isidharauliwe, akapitisha ya kijani katikati kwa mshazari, kutoka kona ya chini kushoto hadi kona ya juu kulia. Wakasimama nyuma wakatazama. Ilipendeza kweli.

Jirani alipoingia asubuhi na sufuria la sombe, alisimama mlangoni. Akatazama ukuta. Akaweka sufuria chini. "Mama, ile ni drapo ya Katanga!"

Na kweli. Julai 11, mwaka 1960, siku kumi na moja tu baada ya Kongo kupata uhuru, Moïse Tshombe alitangaza kuwa Katanga imejitenga, makao makuu yakiwa mji huu huu, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Kujitenga huko kulidumu hadi Januari 1963, Umoja wa Mataifa ulipokuzima kwa mtutu. Bendera yao ilikuwa nyekundu juu, nyeupe chini, na mstari wa kijani katikati kwa mshazari. Ukutani kwa Baba Mtoto kilichokosekana ni ile misalaba mitatu ya shaba tu. Wala haya si ya kale ya kufungiwa makumbusho. Machi 23, 2013, wapiganaji wa kundi linalodai Katanga ijitenge waliingia mjini na bendera hiyo, watu wakafa. Tshombe mwenyewe ana sanamu yake katikati ya mji, amesimama vizuri, hakuna anayemsumbua. Sanamu ruksa. Bendera ni kesi nyingine, na bendera siku ya Julai 11 ni kesi nyingine kabisa.

Baba Mtoto akajitetea kwamba ni Simba na Yanga. Jirani akamjibu kuwa Simba ni bia, na Yanga polisi hamjui. Baba Mtoto akapanda ngazi ya pili: Julai 11 ni siku njema, kwa sababu tarehe hiyo mwaka 2022 ndipo Kongo ilipokabidhi hati zake Arusha na kuwa mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Hilo ni kweli tupu na lina heshima yake. Jirani akamwambia polisi akija amweleze hayo, ila aanze kwanza kutoa maputo. "Bantu batasema nini?"

Wakaamua yaondoke ya kijani. Wakaitwa watoto wa mtaa wayapasue, watoto wakaona leo ndiyo leo. Paa! Paa! Paa-paa! Sekunde chache tu mlango wa pili ukafungwa kwa kishindo, mbwa wote wa mtaa wakawa wanabweka, na mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli akaiacha ikaanguka, yeye akapitia njia yake. Siku hiyo kuliko zote hakuna anayetaka kusikia milio ya namna ile nyuma ya ukuta. Jirani akapiga kelele waache. Yaliyobaki yakatolewa kwa mkono: wanawake wanne wamekaa kwenye mkeka, wanafungua vifundo kwa kucha na kuachia hewa kidogo kidogo, pssss, huku mwenye bethdei akicheka hadi kwikwi. Hiyo ndiyo burudani aliyoipenda siku nzima.

Wageni waliambiwa saa nane mchana. Wa kwanza walifika saa kumi na moja, na huku Julai jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, kwa hiyo keki ilikatwa gizani, umeme ukiwa umekwenda zake, kwa taa za simu. Kijana mmoja shabiki wa Mazembe alijitolea kujaza nafasi ya maputo ya kijani kwa meusi na meupe ya klabu yake. Mjomba mmoja shabiki wa Lupopo, wapinzani wa Mazembe hapa hapa mjini, akahamisha kiti akaupa ukuta mgongo, akala michopo yake akitazama geti hadi mwisho. Pilau iliisha kwanza. Jirani alisema ni kwa sababu ilikuwa kidogo.

Mama Mtoto ana lalamiko moja, na amemtuma mwandishi alifikishe. Ya kijani yalipotolewa, ukutani zikabaki rangi za Simba, na ndizo zilizoingia kwenye picha zote mlizotumiwa. Anawaomba mjue kwamba haukuwa uamuzi wake. Na dereva yeyote atakayepakia mzigo wa Lubumbashi kabla ya Julai ijayo, tafadhali apitie Kariakoo amnunulie pakiti tatu za maputo ya njano. Yawe ya njano tupu. Yasichanganywe na ya bluu, maana hizo ni rangi za Lupopo, na yule kijana wa Mazembe amekwisha kualikwa.