Kusawazisha Pikapu Kilimani Naguru

Pikapu hutoka kiwandani nyuma ikiwa juu kidogo kuliko mbele, tena kwa makusudi: ikipakiwa, mzigo huishusha nyuma mpaka ikalingana na mbele. Kitu ambacho kiwanda hakikukipigia hesabu ni idadi ya mikungu ya matoke ambayo mfanyabiashara wa Kampala huiita "mzigo mdogo." Baada ya safari za kutosha kutoka Masaka, springi hulegea, bodi huanza kusuguana na tairi kwenye kila tuta, na mwenye gari huamua kuinua nyuma.

Njia za kuinua ni tatu. Ya kwanza ni kuongeza bamba kwenye springi, na bamba zilizotumika hazikosekani soko la Kisekka. Ya pili ni kufunga shekeli ndefu. Ya tatu ni kuweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli, kisha kukibana kwa yuboliti ndefu zaidi. Zote ni rahisi, na ndiyo sababu hutendwa kwanza, zikafikiriwa baadaye.

Pikapu tupu iliyoinuliwa hivyo hukaa kama mbuzi anayekunywa maji dimbwini. Taa za mbele humulika lami iliyo karibu, na mashimo yaliyo mbali hujulikana yakishafikiwa. Maji ya mvua hukusanyika nyuma ya kabini ya dereva, pamoja na spana, tairi la akiba na chochote kisichofungwa. Mhimili wa usukani, ambao kwa kawaida hulala nyuma kidogo ili magurudumu yajirudie yenyewe baada ya kona, sasa husimama wima zaidi. Dereva kwenye Barabara ya Jinja hulazimika kulikumbusha gari njia kila mara.

Lisiloonekana ni breki. Hilux nyingi zina vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye fimbo inayopima nyuma imeshuka kiasi gani. Nyuma ikiwa juu, vali huamini gari ni tupu na kupunguza nguvu ya breki za nyuma. Gari likishainuliwa, vali huendelea kuamini hivyo hata chini ya mifuko ya saruji, hadi fimbo irekebishwe. Mteremko wa Naguru si mahali pazuri pa kugundua kwamba haikurekebishwa.

Ili gari likae sawa tena, mbele nayo huinuliwa, na kazi hiyo huanza kwa kupima. Kipimo sahihi hutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa madigadi ulio juu yake, si kutoka ardhini, kwani tairi lenye upepo mdogo hudanganya. Gari lisimame mahali tambarare, na hapa Naguru huleta shida yake. Uwanja ulio sawa upande mmoja huinama upande mwingine, na waliosimama kutazama huinamisha vichwa kila mmoja kwa kipimo chake. Mwashi wa jirani akija na pimamaji, atasoma mwinuko wa kilima na mwinuko wa gari kwa pamoja, asijue kipi ni kipi. Fundi hujitetea bila kusita: "Ssebo, gari limekaa sawa. Kilima ndicho kimekaa vibaya." Mara nyingi huwa anasema kweli, na dawa ni kuteremka hadi kwenye sakafu ya zege ya gereji.

Namna ya kuinua mbele hutegemea umri wa gari. Pikapu nyingi za kabla ya 2004 zenye mbele inayojitegemea hubebwa na tosheni baa, fimbo ndefu za chuma zinazopindwa kwa boliti. Mbele huinuliwa kwa jeki, gari likaketi juu ya stendi, kisha boliti zikazungushwa kidogo kidogo pande zote mbili. Kukaza hakuifanyi fimbo kuwa na nguvu zaidi. Huongeza kimo tu, na kupunguza nafasi ya gurudumu kushuka. Anayekaza bila kiasi hupata mkono wa juu wa gurudumu unaogonga mpira wake kwenye kila shimo, na Kampala mpira huo haupumziki.

Hilux iliyotoka 2004, ambayo wengi huiita Vigo, ina springi za koili mbele. Hapo huwekwa spesa juu ya shokapu. Kwa kuwa shokapu limefungwa katikati ya mkono wa chini na si kwenye gurudumu, spesa ya milimita 25 huweza kuinua gari karibu milimita 50. Asiyelijua hili huagiza spesa ya kimo kilekile anachokitaka, mbele hutazama mbinguni, naye hurudi kwa fundi kuuliza kama nyuma haiwezi kuongezwa bamba moja tu.

Gari likishuka kwenye jeki lisipimwe papo hapo. Magurudumu hubaki yamejikunja kwa ndani na pua huonekana iko juu kuliko ilivyo. Liendeshwe mbele na nyuma, breki zikanyagwe, ndipo futi itolewe. Wasiosubiri hulegeza boliti, na wakifika Ntinda mbele imeshaketi chini tena.

Mbele kuwe chini kidogo kuliko nyuma hata baada ya kusawazisha. Gari lililonyooka kabisa likiwa tupu litaketi mkia likipakiwa, na taa zake zitawapiga machoni wanaokuja. Kinachofuata ni alaimenti, kwa sababu kubadili kimo hubadili pembe za magurudumu, na tairi hulika upande mmoja. Taa hulengwa upya gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, na baada ya safari chache yuboliti za nyuma hukazwa tena.