Muvi Imeingia, Umeme Umetoka

Mji wa Singida una mengi ya kujivunia. Una maziwa mawili ya maji chumvi, Singidani na Kindai, ambako heroe hushuka kama wageni wa harusi. Una kuku wa kienyeji wanaosafirishwa hadi Dar es Salaam, asali, mafuta ya alizeti yaliyopangwa kandokando ya barabara kwenye madumu, na upepo usio na likizo. Jumba la sinema, hapana.

Mtu wa Singida anayetaka kukaa gizani na bisi mkononi, aangalie filamu wiki ileile inayotoka duniani, lazima akate tiketi ya basi kwanza. Arusha ni zaidi ya kilomita 300 kupitia Babati. Dar es Salaam ni kama 700, ingawa tangu treni ya SGR ianze kwenda Dodoma mwaka 2024 machungu yamepungua: basi hadi Dodoma, treni hadi Dar, daladala hadi Mlimani City. Ukijumlisha kulala na kula, filamu ya saa mbili inakuwa na bajeti ya msiba mdogo.

Wenzetu huko duniani wamegombana kweli juu ya suala la nyumbani au ukumbini. Mwaka 2021 kampuni ya Warner Bros. ilitoa filamu zake za mwaka mzima siku moja kumbini na kwenye huduma yake ya mtandaoni, HBO Max. Wenye majumba ya sinema walilalamika, na mwongozaji Christopher Nolan alikasirika hadharani. Vumbi lilipotulia, kampuni nyingi kubwa zikashika utaratibu wa filamu kukaa ukumbini siku 45 hivi kabla ya kwenda sebuleni, badala ya 90 za zamani.

Singida haikusubiri 45 wala 90. Filamu ikitoka Marekani Ijumaa, wiki inayofuata kijana wa laibrari anayo.

Laibrari hii haina vitabu. Ni chumba chenye kompyuta moja, spika mbili na mabango ya filamu yaliyobanduka pembeni. Mteja anafika na flashi yake, anaangusha mia tano, anarushiwa muvi. Mazungumzo ni mafupi.

"Kaka, ile mpya ipo?"

"Ipo, mzee wangu."

"Safi?"

"Safi kabisa. Ila ni ya ukumbini kidogo."

Hapo kwenye "ya ukumbini kidogo" ndipo penye kesi. Maana yake ni kwamba mahali fulani duniani kuna mtu aliingia sinema na kamera aliyoificha ndani ya koti, akarekodi filamu nzima huku amebana pumzi. Picha imepinda upande. Sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Watu wasioonekana wanacheka kwa lugha isiyojulikana, chini panapita maandishi ya Kirusi, na kila steringi anapokaribia kukata roho linajitokeza tangazo la kampuni ya kamari. Kisha kuna kichwa. Mtu wa safu ya mbele, Moscow au Mumbai, anakumbuka choo, anainuka taratibu, na anamfunika steringi mzima aliyeko Singida.

Wanaoumia kwa biashara hii wapo. Aprili 2017 waigizaji wa Bongo Movie waliandamana hadi Kariakoo kupinga filamu za nje zinazouzwa kiholela, kwa kuwa za kwao zilikuwa zinakosa pa kupumulia. Sheria nayo ipo tangu zamani: Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 inataka filamu ikaguliwe kabla ya kuonyeshwa hadharani. Mkaguzi akiikagua ile ya koti, sehemu kubwa ya kazi yake itakuwa kukagua visogo.

Mfanyabiashara mmoja wa alizeti, mkazi wa Majengo, alinunua muvi ya namna hiyo jioni ya Jumapili. Mambo yalikwenda vizuri hadi steringi alipoingia jikoni kwake usiku, akasimama mezani akiwa ametupa mgongo, akashika kitu. Kichwa kikapita. Kilipoondoka, steringi alikuwa analia machozi.

Ameona nini? Sebule iligawanyika. Mama wa nyumba alisema ni barua ya marehemu mkewe. Shemeji, aliyefika kusalimia na kubaki hadi chakula cha usiku, alisema ni bastola ya adui, na akaweka soda rehani. Watoto walisema ni jini. Jirani aliyekuja kuomba chumvi naye aliombwa maoni, akaomba warudishe nyuma aone vizuri. Walirudisha. Kichwa kikapita tena, kwa mwendo uleule.

Sebule za Tanzania zimezoea mikutano ya namna hiyo. Televisheni Tanzania Bara ilianza mwaka 1994 tu, ingawa Zanzibar walikuwa nayo tangu miaka ya 1970, kwa hiyo kizazi kizima kilijifunza kuangalia kwa jirani, kikichungulia dirishani hadi kinapoambiwa kiingie ndani kikae chini. Mwaka 2011 TBC ilipoonyesha tamthilia ya Kichina "Doudou na Mama Wakwe Zake", iliyotiwa sauti za Kiswahili, mambo ya wakwe wa Beijing yakawa gumzo uswahilini, hata Rais Xi Jinping akaitaja kwenye hotuba yake Dar es Salaam Machi 2013.

Shida ni pale mkwe wa kwenye tamthilia anapokutana na mkwe wa kwenye kochi.

Chukua jioni ambayo mama mkwe amefika kutoka Kiomboi na kuku wawili kwenye kapu. Amepewa kochi kubwa. Mkwe wake, baba mwenye nyumba, amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, kama adabu inavyotaka. Kijana wa laibrari ameapa kwamba muvi ni ya vita tupu. Na kweli, nusu saa ya kwanza ni mabomu. Halafu moshi unatulia, steringi na muuguzi wanaangaliana, na muziki unashuka. Hakuna Mtanzania asiyejua kinachofuata muziki ukishuka hivyo.

Rimoti ipo, lakini betri zake zimeanikwa dirishani tangu asubuhi zipate nguvu. Kitufe cha televisheni kiko nyuma, kwa upande wa ukutani. Baba mwenye nyumba anainuka, anafika, anapapasa, hakioni, na kwa kuwa muda umekwisha anageuka na kuikinga televisheni kwa mwili wake, mikono nyuma, uso kwa wageni, kana kwamba anataka kutoa shukrani. Mkewe anakimbilia jikoni kuangalia maharage yaliyoliwa jana. Mama mkwe, macho yako darini, anauliza kama huku mjini mvua zimenyesha.

"Zimenyesha kidogo, mama," anajibu mkwe, huku busu likiendelea mgongoni kwake.

"Baba, hatuoni!" anasema mtoto wa mwisho.

Umeme ukikatika wakati kama huo, huitwa rehema. Nyakati nyingine ni uchunguzi. Giza likiingia, hakuna anayelalamika kabla ya kufungua pazia na kuangalia kwa jirani. Kwa jirani kukiwa giza, watu wanashusha pumzi: ni wa wote. Kwa jirani kukiwa kunawaka, macho yote yanamgeukia baba, kwa sababu basi ni Luku. Hapo inatafutwa simu yenye salio, unanunuliwa umeme, zinakuja tarakimu 20, na mtoto wa darasa la tatu anapewa heshima ya kuzisoma kwa tochi ya simu. Akifika ya 14 anasahau kama alishasoma ile nane.

Wenye simu kubwa wanadhani wamepona. Netflix ilifika Afrika nzima Januari 2016, na baadaye ikaweka hata filamu ya Kitanzania, "Binti" ya mwongozaji Seko Shamte. Lakini picha ya kawaida hula takriban GB moja kwa saa, na bando la Singida ni lilelile la kutumiana picha za harusi na bei za alizeti. Mtu ananunua kifurushi cha usiku, anajifunika shuka, anabonyeza, na mduara unaanza kuzunguka. Anausubiri. Alfajiri anaamka na simu kifuani, mduara bado unazunguka, kifurushi kimeisha.

Ndiyo maana kibanda umiza hakifi. Mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, mlinzi wa mlangoni asiyekopesha, na ndani nidhamu ambayo sebule haiijui. Huko hakuna mkwe. Hakuna wa kuuliza "huyu ndiye steringi?" kwa sababu mtafsiri ameshamtambulisha, ameshamkosoa na ameshampa jina la mtaani. Sanaa hii ina wakongwe wake. Derek Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijenga jina Dar es Salaam kwa kuzitia filamu za nje sauti yake ya Kiswahili. Kenya wana DJ Afro. Uganda wana ma-VJ, na VJ Emmie aliibeba "Who Killed Captain Alex?", filamu ya mwaka 2010 kutoka Wakaliga, Kampala, hadi ikajulikana duniani kwa maneno yake kuliko kwa bunduki zake. Mtafiti wa Kijerumani Matthias Krings aliandika makala kuhusu watafsiri wa Tanzania, akaipa jina linalozungumzia kugeuza wali kuwa pilau. Waliokula pilau hilo wanashuhudia kwamba steringi akisema kwa Kiingereza hatarudi nyuma, mtafsiri anaweza kueleza kwamba nauli ya kurudi hana.

Kibanda kina adui mmoja, naye ni mpira. Saa ya mechi ikifika hakuna filamu iliyo takatifu. Steringi ananing'inia kwenye ghorofa kwa vidole viwili, mwenye kibanda anabadilisha chaneli, Singida Black Stars wanaingia uwanjani. Waliolipia muvi wanatolewa nje, au wanaongeza hela. Yule wa ghorofani atajijua.

Mabasi nayo ni sinema, tena za lazima. Anayesafiri kati ya Dar na Mwanza huwashiwa Bongo Movie, na tangu enzi za mwigizaji Steven Kanumba filamu hizi zilizoeleka kuuzwa kwa sehemu ya kwanza na ya pili. Basi lina ya kwanza tu. Mke anagundua siri ya mumewe, abiria wote wamekaa wima, gari linateremka mlima Sekenke, na maandishi yanatokea kuwaomba watafute sehemu ya pili. Kondakta akiulizwa anasema iko kwenye gari jingine.

Mfanyabiashara wa alizeti alipanda basi la Arusha mwezi ule ule, kupeleka mafuta. Mzigo ulipopokelewa aliona bango: ile muvi bado ilikuwa inaonyeshwa. Akaingia. Kiti kilikuwa na namba, kiyoyozi kilipuliza kama kwao Julai, na kimya kilikuwa kikubwa hata akasikia bisi za mtu wa safu ya nyuma. Kwa kuwa hapakuwa na mtafsiri, alijitolea.

"Huyo mwenye kofia anakufa sasa hivi," alimwambia mama wa kiti cha pembeni.

"Baba yangu, naomba utuache tuangalie."

Aliacha. Ikafika ile ya jikoni. Steringi akaingia, akasimama mezani, akatupa mgongo. Mfanyabiashara akashika mikono ya kiti. Safari hii hakuna aliyeinuka kwenda chooni, na picha ilizunguka taratibu mpaka mbele ya meza.

Nje alipiga simu nyumbani kabla hata hajavuka barabara.

"Mama watoto, nimeona kile kitu."

"Ni barua?"

"Alikuwa anakata kitunguu."

Kimya kifupi. "Yaani umetoka Singida mpaka Arusha kwenda kuangalia kitunguu?"

Shemeji, anayedaiwa soda, hadi leo anashikilia kwamba Arusha walionyeshwa kopi nyingine.