Mama Mkwe, Friji na Bia ya Munich

Mama mkwe wangu amepika mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kule Kibosho tangu ujana wake. Kwa hiyo alipokuja kututembelea hapa Munich akanikuta jikoni nahangaika na sufuria la lita 20, alivuta kiti, akakaa. "Baba Neema, pombe gani hiyo?"

Nikamweleza: inaitwa Helles, bia ya mji huu huu, ambayo kampuni ya Spaten iliitoa mwaka 1894 kujibu pilsner ya Bohemia. Rangi ya dhahabu, ladha ya kimea imejaa mdomoni, lakini ukimeza haiachi sukari ulimini. Hapo ndipo penye kazi. Ukiweka kimea kwenye maji ya nyuzi 63 hivi, wanga unavunjika kuwa sukari ambayo hamira inaila karibu yote. Ukikimbilia 72, zinabaki sukari zisizolika na bia inakuwa nzito. Ndiyo maana nilikuwa nimeng'ang'ania kipimajoto. Mama akachota kidogo kwa upawa, akaonja.

"Togwa tamu hii! Mbona unataka kuiharibu?"

Akajaza kikombe. Neema naye akaleta chake. Kufikia wakati wa kuchemsha, kina cha sufuria kilikuwa kimeshuka bila msaada wa mvuke. Hopsi alizinusa akazikubali mara moja: "Kumbe na ninyi mna msesewe wenu," yaani gome chungu la kutia kwenye mbege.

Tulichoshindwa kuelewana ni muda. Mbege ikishatiwa uji wa kimea cha ulezi, kesho yake watu wanakunywa. Hii yangu inakaa kwenye friji ya stoo, nyuzi 10, wiki mbili hivi, kisha inalala karibu na sifuri wiki kadhaa. Mama aliinuka kimya kimya, akaenda kuangalia tarehe ya tiketi yake.

Halafu ikaja harufu. Hamira ya lager kama hii ikiwa kazini hutoa gesi inayonuka mayai viza. Ni kawaida, huisha yenyewe, lakini nenda ukamweleze hayo mtu aliyeamka alfajiri akakuta stoo inanuka. Niliporudi kutoka kazini nilikuta trei nzima ya mayai imepasuliwa bakulini, yai moja moja, kila moja limenuswa. Yote yalikuwa mazima, mpaka alipoyapasua. Tulikula kimanda asubuhi, mchana na jioni.

Wiki ya pili ikielekea ukingoni, bia ikaanza kunuka siagi. Hiyo ni diasetili, na dawa yake ni kuipa bia joto la nyuzi 16 hadi 18 kwa siku mbili tatu, hamira iifyonze. Nilipanga kufanya hivyo Jumamosi. Mama alinitangulia: friji ilikuwa inamngurumia usiku, akachomoa waya. Nilipogundua, kipimajoto kilisoma 17 na siagi ilikuwa imeshakwenda zake. Sikumwambia kwamba amepatia. Binti yake alimwambia, na jioni hiyo hiyo Kibosho nzima ilijua kwa simu.

Siku ya kunywa alionja yeye kwanza, ndiyo haki ya mpishi. Akatafakari.

"Inaingia vizuri, inakaa, inaongea. Halafu inaondoka bila kuaga."

Sijasikia mjuzi yeyote wa bia akiieleza Helles vizuri zaidi. Lakini alikuwa na pendekezo: safari ijayo tutie ndizi mbivu. Nikamwambia sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji, basi.

"Na huyo aliyeitunga," akauliza, "alishawahi kufika Kibosho?"

Neema alikuwa ameshaanza kumenya.