Sifa za Njia Isiyopitika

Njia nyingine husifiwa kwa kufikisha watu. Hii ninayoisifu leo haifikishi popote pa maana, na anayefika huko hufika amechubuka. Iko kati ya Magara na Minago, ukitoka Rumonge kuelekea Bujumbura, pale mlima unaposhuka hadi majini bila kuacha hata shubiri ya mchanga. Urefu wake haufiki nusu kilomita, lakini ina saa nzima ndani yake, na zaidi kwa mwenye tumbo kama langu. Mwisho wake ni pango, yaani majabali mawili yaliyoegemeana yakaacha mwanya wenye giza na harufu ya popo.

Tuanze na nasaba. Barabara ya RN3 inayopita juu yetu ilijengwa na watu, ndiyo maana huharibika. Njia hii ilizaliwa siku ardhi ilipopasuka ikazaa Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470, ambalo duniani kote linazidiwa na Baikal peke yake. Tangu hapo haijafanyiwa matengenezo na haidai chochote. Mwaka 2021, na tena 2024, ziwa lilifura likaingia nyumbani mwa watu, lakini majabali haya yalilowa tu.

Pili, inajua usawa. Mjini Rumonge, mwenye ghala la mawese na mbeba madumu hawatembei mwendo mmoja. Hapa wote hutambaa. Mimi nilikwenda na viatu vya ngozi. Kijana mvuvi aliyenitangulia, pekupeku, wavu begani, aligeuka akanitazama miguuni.

"Mzee, vua hivyo."

Nikakaidi. Jabali la tatu likanikalisha kitako, kimya kimya, kama hakimu asiyetaka maneno mengi. Nikavua, nikavifunga kamba, nikavitundika shingoni.

"Haya, mzee. Sasa uko njiani."

Tatu, haina majivuno. Novemba 1871 Livingstone na Stanley walipita pwani hii wakitokea Ujiji, kwa mtumbwi. Miguu yao waliionea huruma. Pale Mugere, karibu na Bujumbura, kuna jiwe lililochongwa majina yao na tarehe 25 Novemba 1871. Jiwe lile lilipokea wageni wawili likawa kumbukumbu ya taifa. Mawe yangu yamepokea magoti ya vizazi na vizazi vya wavuvi, na hakuna aliyeyachonga hata herufi moja.

Nne, ina mlinzi, au angalau jina la mlinzi. Ukiulizwa kwa nini hukuogelea badala ya kuparamia mawe, mtaje Gustave, mamba aliyetisha ukanda huu miaka na miaka. Mfaransa Patrice Faye, aliyempa jina hilo, alimtegea tundu kubwa la chuma. Gustave hakuingia. Tangu hapo mawe yamepata heshima.

Nilipofika pangoni sikuona kitu. Nilikaa, nikahema, macho yakazoea. Ndipo chini ya goti langu, majini, nikaona samaki weusi, kila mmoja kama kiganja, wakikwangua mwani kwenye jiwe kama wanawake wanaosugua sufuria. Wataalamu huwaita Tropheus. Mayai yao huyaatamia mdomoni, na mchanga hawauvuki kwa hiari, maana kipande cha ufukwe laini kwao ni jangwa. Kwa sababu hiyo, mwamba hata mwamba ziwani una Tropheus wake na rangi zake: hapa mshipi wa manjano, kule ubavu mwekundu. Ziwa hili lingekuwa na mchanga laini pande zote, kama wanavyolitamani wenye hoteli, wote hao wangekosa pa kuishi.

Kwa hiyo nawaomba wahandisi, kwa heshima zote, wasije. Wasilete ngazi, wasilete saruji, wasituwekee kibao cha mshale. Ubaya wa njia hii una kazi yake.

Wakati wa kurudi, kamba ilikatika. Kiatu cha kushoto kikadunda mara mbili, kikaingia majini kati ya mawe. Kijana alikwisha weka wavu chini ili azamie. Nikamshika mkono, nikamwambia akiache. Si muda kitaota mwani, na samaki wa pale hawana pengine pa kwenda kula.