Namna ya Kufundisha Uraia Dodoma Bila Kuzalisha Raia

Mwalimu mgeni, umepangiwa Dodoma na umekabidhiwa somo la Uraia. Pole, na hongera. Mwenzako wa Fizikia anahangaika na maabara isiyo na gesi, wakati wewe maabara yako ni mji mzima: Bunge lipo hapa, Ikulu ipo Chamwino, wizara zimejipanga kule Mtumba. Na hapo ndipo penye hatari. Mwanafunzi wa Sumbawanga akisoma habari za mihimili mitatu ya dola anaisikia kama habari ya Zuhura na Mirihi. Wa kwako anaweza kupanda daladala akaenda kuitazama. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuhakikisha somo halitoki nje ya daftari.

Lugha itakusaidia sana. Vidato vinavyomalizia mtaala wa zamani vinasoma Uraia kwa Kiingereza, ushukuru Mungu. Wabunge wanabishana kwa Kiswahili, mwenyekiti wa mtaa anaitisha mkutano kwa Kiswahili, bibi wa Nkuhungu anadai kiwanja chake kwa Kiswahili kilichochanganywa na Kigogo. Mwanafunzi wako atakariri maana ya demokrasia kwa lugha ambayo hajawahi kusikia mtu akiitumia kumdai diwani kalavati. Mtaala ulioboreshwa wa 2023 umeleta Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili. Usitaharuki. Jina ni refu, na mwisho wake kuna neno maadili. Likalie hilo hilo.

Kwenye historia, chagua ya mbali. Babiloni ni pazuri. Ya karibu ina miiba. Mwaka 1973 TANU iliyauliza matawi yake nchi nzima kama makao makuu yahamie Dodoma, matawi yakakubali, halafu malori ya wizara yakaanza kushusha makabati kwa kasi baada ya Rais Magufuli kulitangaza upya jambo hilo mwezi Julai 2016. Miaka 43. Darasa likipiga hesabu hiyo litauliza kilichokuwa kikisubiriwa. Vilevile usiiguse CDA, ile mamlaka ya ustawishaji makao makuu iliyozaliwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017. Nusu ya darasa lako wana mjomba mwenye faili la kiwanja lililoanzia huko, na ukiuliza tu nani aliichagua CDA, kipindi kimekwisha.

Haki za binadamu zifundishe bila woga, mradi ziwe za Umoja wa Mataifa. Tamko la 1948 lina ibara 30, waimbe zote. Usizotaja ni kanuni za viboko za nchi yao wenyewe, za mwaka 1979, zilizorekebishwa 2002, zinazosema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Mwanafunzi anayejua ibara ya tano ya Umoja wa Mataifa ni fahari ya shule. Anayeuliza kitabu cha viboko kinakaa kabati lipi ana dalili za utovu wa nidhamu.

Sasa tuje kwenye vitendo, maana wakaguzi wanapenda neno "ushiriki". Kila mwaka utaendesha uchaguzi wa serikali ya wanafunzi. Fomu zitolewe kwa wote, huo ndio uzuri wa demokrasia. Zikirudi, kaa na mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa malezi mkazichuje. Sababu za kuchuja zisikusumbue: huyu hakujaza jina la kati, huyu amesaini kwa wino mwekundu, huyu mwaka jana alicheka mstarini. Kuna mmoja atakuwa ameandika kwenye sera zake kwamba atafuatilia kwa nini maharage ya Jumatano yana wadudu kuliko ya Jumanne. Huyo mtafutie kosa la tahajia. Akibaki mgombea mmoja, usihuzunike. Wafundishe kwamba huko kunaitwa kupita bila kupingwa, watakutana nako sana wakikua.

Wakibaki wawili, kampeni zifanyike mstarini kwa dakika tatu tatu, kabla jua halijawa kali. Wataahidi wali mara mbili kwa wiki, pampu ya maji itengenezwe, na mtu wa mwisho bwenini asilazimishwe kupiga deki peke yake. Waache waahidi, hawana bajeti. Kura ziingizwe kwenye boksi la chaki lililotobolewa juu, na boksi likahesabiwe ofisini, mlango ukiwa umerudishwa ili vumbi lisiingie. Wanafunzi wakiomba kuweka wakala, waulize kama hawawaamini walimu wao. Hilo swali halina jibu, nimelijaribu. Matokeo atayatangaza mkuu wa shule, na asisahau maneno haya: "kwa kuzingatia kura zenu na busara za walimu." Kazi ya kwanza ya kaka mkuu aliyechaguliwa ni kuandika majina ya waliochelewa prepo.

Ziara ya Bunge haikwepeki. Omba barua, kodi Coaster, waambie wavae sare safi na soksi zisizokatika. Mavazi yana uzito mle ndani: Juni 2021 mbunge wa Momba, Condester Sichalwe, alitolewa ukumbini kwa ajili ya suruali, na yeye alikuwa amechaguliwa. Watakaguliwa, simu zitabaki nje, watapandishwa jukwaa la wageni. Wakiwahi saa tatu asubuhi watakuta dua na kipindi cha maswali, na hapo, mwalimu, fungua masikio kuliko wao, kwa sababu pana lugha nzima ya kujifunza. Mbunge anasimama kuuliza barabara ya jimboni kwake itajengwa lini kwa kiwango cha lami. Naibu Waziri anajibu kwa niaba ya Waziri. Anaanza kwa kutambua. Serikali inatambua umuhimu wa barabara hiyo. Upembuzi yakinifu upo, au utakuwepo, na ujenzi utaanza kadiri fedha zitakavyopatikana. Mbunge anashukuru kwa majibu mazuri, ambayo hayamo, anaomba maswali mawili madogo ya nyongeza, na la pili huwa ni lile lile: je, Mheshimiwa Waziri yupo tayari kuongozana nami baada ya Bunge hili akajionee? Yupo tayari. Hajawahi kutokea asiye tayari.

Baadaye Spika atasoma wageni. Shule yako itatajwa, wanafunzi watasimama, wabunge watagonga meza, wanafunzi watatabasamu, wataketi. Usimwache yeyote aketi akiwaza kwamba mle ukumbini yeye ndiye mwajiri. Katiba, ibara ya 63, inasema Bunge linaisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi. Sisi tumeshazoea kwamba wananchi wanatambulishwa, wanagongewa meza, na wanapewa njia ya kutokea. Akiuliza mtu kwa nini asiangalie tu kwenye televisheni, msimulie Januari 2016, pale Waziri Nape Nnauye alipolieleza Bunge kwamba TBC inasitisha matangazo ya moja kwa moja kwa sababu yanakula shilingi bilioni 4.2 kwa mwaka. Gharama ya raia kumwona aliyemtuma ikawa imejulikana kwa tarakimu. Ukiifikiria vizuri, ni hesabu nzuri ya kidato cha pili: gawa kwa idadi ya Watanzania.

Mada ya mgawanyo wa madaraka nakushauri uifundishe kwa mchoro wa duara tatu zisizogusana, ubaoni, kwa chaki ya rangi. Usitoe mfano wa hapa nyumbani. Mfano upo, ndiyo shida. Mwishoni mwa Desemba 2021, Spika Job Ndugai, mwana wa Kongwa, alisimama hapa hapa Dodoma kwenye mkutano wa Wagogo akahoji mwenendo wa nchi kukopa. Kuhoji mikopo ya Serikali, ukisoma ile ibara, ndiyo kazi. Siku chache baadaye aliomba radhi hadharani, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu uspika. Marehemu sasa, Mungu ampumzishe. Hakuwa mpole kwa wabunge wenyewe alipokuwa kitini. Lakini wewe utabaki na mchoro ubaoni na mwanafunzi wa kiti cha nyuma ameinua mkono, anataka kujua ni duara ipi iliyoisukuma nyingine. Mwambie kengele imelia.

Halaiki ni ushiriki wa hali ya juu kabisa. Tangu sherehe za Muungano zifanyike Dodoma kwa mara ya kwanza, Aprili 2017, Uwanja wa Jamhuri umekuwa darasa letu la wazi. Vijana wanaruka, wanatengeneza maumbo, wanaenda sawa. Hakuna anayekosea hatua na hakuna anayeuliza.

Ukirudi darasani, swali la ruzuku litakuja tu, jiandae. Tangu 2016 shule ya sekondari ya serikali inapewa ruzuku ya shilingi 25,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, sehemu yake ikiishia kwenye vitabu kabla haijafika shuleni.

"Mwalimu, hiyo ya kwetu inabandikwa wapi?"

"Hilo halipo kwenye silabasi."

Ubao wa matangazo uujaze ratiba ya usafi, pasibaki nafasi.

Pamoja na tahadhari zote hizi, mmoja atakuponyoka. Huwa ni wa bweni, wa kijijini huko Chamwino au Bahi, aliyetimiza miaka 18 akiwa bado shuleni. Atarudi nyumbani likizo akute mkutano mkuu wa kijiji umeitishwa chini ya mbuyu, mkutano ambao sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inamfanya awe mjumbe wake bila kuomba, kwa umri na ukazi tu. Wazee mbele, akina mama pembeni na vitenge kichwani, mwenyekiti na mtendaji mezani. Baada ya salamu na habari za mbegu za mtama, kijana atanyoosha mkono aombe kusomewa mapato na matumizi ya robo mwaka. Mwenyekiti atasema, "Mwanangu, kaa chini, umekuja juzi." Mama mmoja atasema, "Mwache, hata mimi nataka kuyasikia." Halafu wa pili.

Habari zitakufikia kwa simu ya Afisa Elimu, akiuliza ni nani anawafundisha watoto hawa. Usijitetee kwa maneno. Peleka andalio la somo, kurasa zote, na mhuri wa makamu mkuu wa shule, umwonyeshe kwamba muhula mzima ulifundisha ngao ya taifa.